Viashiria vya Seli Shina za Misuli na Mipaka Yake katika Majeraha Makubwa ya Mguu

Majeruhi wa bodaboda kutoka Mbagala au Tegeta aliyevunjika muundi, mfupa ukatokeza nje, mara nyingi huishia Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Jaribio la kitabibu lililofanyika hapo na kuchapishwa mwaka 2020 lililinganisha chuma cha ndani ya mfupa na fremu ya nje. Kipimo chake kikuu kilikuwa kifo, au upasuaji wa marudio kutokana na maambukizi, mfupa kutounga au kuunga ukiwa umepinda. Kwa swali lililoulizwa kipimo hicho kinafaa. Hata hivyo, mfupa unaweza kuunga na mgonjwa bado asiweze kuinua unyayo, kwa sababu msuli wa mbele ya muundi haukurudi.

Kurudi kwa msuli hutegemea seli setilaiti, zilizoelezwa na Alexander Mauro mwaka 1961. Hukaa kati ya uzi wa msuli na utando wa msingi unaouzunguka, na hutambuliwa kwa protini ziitwazo viashiria. Seli iliyotulia huonesha Pax7. Ikiamshwa na jeraha huonesha pia MyoD. Ikielekea kuwa uzi mpya, Pax7 hupotea na mayojenini hujitokeza. Tafiti za panya zilizochapishwa mwaka 2011 zilionesha kuwa seli zenye Pax7 zikiondolewa, msuli ulioumizwa haujijengi upya.

Ni rahisi basi kudhani kwamba palipo na Pax7 msuli utapona. Dhana hiyo haikubaliki. Mwaka 2012 watafiti nchini Ufaransa waliripoti seli setilaiti hai katika misuli ya maiti hadi siku 17 baada ya kifo. Kiashiria huthibitisha kuwapo kwa seli, si uhai wa tishu. Anayesafisha jeraha ataendelea kutazama rangi ya msuli, uthabiti wake, kujikunyata unapobanwa na kutoka damu, vigezo ambavyo navyo vinategemea jicho la mtu.

Aidha, nyuzi zikifa huku utando wa msingi ukibaki, seli hupata njia ya kufuata. Kipande kizima kikipotea, njia haipo, na kovu hujaza nafasi. Kwa hiyo Pax7 isomwe pamoja na laminini, protini ya utando huo, katika sampuli ileile, tena iliyotoka pembezoni mwa msuli unaobaki. Huo ni msuli hai wa mtu aliyekwisha kupoteza mwingi. Ridhaa yake iliyotolewa katika maumivu ya usiku wa ajali haitoshi. Iombwe upya kabla ya usafishaji wa pili.