Kadi ya Mfuko wa Chakula: Stoo Isiwe Tupu, Wala Isiozeshe



Leo tunazungumza na wewe unayefuga kuku wa mayai huko Mbagala, kuanzia Kizuiani na Rangi Tatu mpaka Charambe, Chamazi na Mbande, na wewe jirani yetu wa Vikindu na Mkuranga. Wa mahali pengine nao wasiondoke, maana kuku anakula namna moja kila mahali. Tutazungumza juu ya kuagiza chakula cha kuku kwa wakati, kwa kutumia kadi na simu ya mkononi.

Huenda ukasema, kuagiza chakula nako kunahitaji kufundishwa? Hebu tazama kwanza stoo za wafugaji zilivyo. Wapo wanaogundua kuwa chakula kimekwisha pale wanapokung'uta mfuko wa mwisho. Hapo ndipo mtu anapokimbilia dukani, anakuta aina anayotumia haipo, anachukua ya namna nyingine, au analisha pumba tupu kwa siku mbili tatu. Kuku wa mayai hasamehe jambo hilo. Akikosa chakula hata siku moja hupunguza kutaga, na ukimrudishia chakula chake kesho yake hachukui siku moja kurudi alipokuwa. Akikosa siku kadhaa huanza kunyonyoka manyoya na kuacha kutaga kabisa. Nawe unajua kwamba zaidi ya nusu ya gharama zote za ufugaji huu ni chakula.

Wapo pia wenye hofu ya upande wa pili. Wakipata fedha hununua mifuko ishirini na kuijaza stooni mpaka darini. Huyu naye anadhani amepona, kumbe fedha yake imelala pale bila kazi, panya wanashiba, na hewa ya pwani yetu yenye joto na unyevu inafanya kazi yake. Chakula cha kuku kina mahindi na mashudu, na kikiota kuvu hupata sumukuvu. Sumu hiyo huumiza ini la kuku, hupunguza mayai, na humdhoofisha kuku hata chanjo isimsaidie vizuri. Kukianika juani hakuondoi sumu. Kwa hiyo basi, mwenye stoo tupu na mwenye stoo iliyojaa kupita kiasi wote wawili wana hasara, ila wa pili huchelewa kuiona.

Sasa, watu wa viwandani walikutana na jambo hili hili zamani. Huko Japani, baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945, kiwanda cha magari cha Toyota hakikuwa na fedha ya kulaza kwenye mabohari. Mhandisi wake mmoja, Taiichi Ohno, alivutiwa na habari za maduka makubwa ya Marekani ambako mteja hujichukulia bidhaa mwenyewe kwenye rafu, na mwenye duka hujaza pale tu palipopungua. Katika miaka ya 1950 akaingiza mtindo huo kiwandani. Kila sanduku la vipuri likawekewa kadi. Fundi akianza kutumia sanduku, kadi yake inarudishwa kwa yule anayetengeneza vipuri hivyo, na hiyo ndiyo amri ya kutengeneza sanduku jingine. Kadi isiporudi, hakuna kutengeneza. Kadi hiyo Wajapani huiita kanibani, maana yake ni kibao au bango. Hapa kwetu Wizara ya Viwanda na Biashara ilianza mwaka 2013, kwa msaada wa shirika la Japani la JICA, kufundisha viwanda vidogo na vya kati mambo ya namna hii ya kuondoa upotevu.

Shika jambo moja hapo, ndugu mfugaji. Habari inatoka kwa anayetumia na kwenda kwa anayeleta. Mwenye duka hakisii, nawe hukisii. Mfuko wenyewe ndio unaosema.

Na si mambo ya viwanda vya Ulaya na Japani peke yake. Mwaka 2009 hadi 2010 Wizara yetu ya Afya na wenzake walijaribu mfumo ulioitwa SMS for Life katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Zahanati, vituo vya afya na hospitali 129 ziliulizwa kila wiki kwa meseji: mmebakiwa na dawa ya malaria kiasi gani? Mhudumu alijibu kwa simu yake ya kawaida, bila malipo, na aliyejibu kwa wakati aliongezewa salio. Majibu yakaonekana kwa mganga mkuu wa wilaya, naye akaweza kuhamisha dawa kutoka palipozidi kwenda palipokosa. Wiki ya kwanza vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa za malaria. Wiki ya 21 vilikuwa 26. Kwa sehemu kubwa dawa ilikuwamo nchini, ila habari ndiyo ilikuwa haitembei. Kama meseji iliweza kufanya hivyo kwa dawa ya malaria huko Ulanga, kwa mfuko wa chakula cha kuku kutoka Rangi Tatu hadi Chamazi itashindwaje?

Haya, tupige hesabu. Chukua kalamu.

Kuku mmoja wa mayai aliyekwisha kuanza kutaga hula kiasi cha gramu 120 kwa siku. Ukiwa na kuku 200, wanakula kilo 24 kila siku. Mfuko wa kilo 50 basi unakwisha kwa siku mbili na kidogo. Muulize mwenye duka wako: tangu nikuagize mpaka mfuko unafika bandani kwangu ni siku ngapi? Tuseme amejibu siku mbili. Ongeza siku mbili nyingine za tahadhari, kwa ajili ya mvua, guta kuharibika, au msiba. Jumla siku nne. Siku nne mara kilo 24 ni kilo 96, yaani mifuko miwili. Basi ukibakiwa na mifuko miwili ambayo haijafunguliwa, hapo ndipo pa kuagiza, si kabla na si baada ya hapo.

Kata kipande cha boksi la katoni, andika juu yake AGIZA MIFUKO 4, ukifunge kwa kamba kwenye mfuko wa pili kutoka mwisho. Mfuko huo ukae juu ya chaga, si sakafuni, na usiguse ukuta. Hata mtoto aliyetumwa kulisha kuku akifika kwenye mfuko wenye kadi anajua la kufanya: anaileta kadi ndani kabla hajafungua mfuko. Mzigo mpya ukija unapangwa chaga ya pembeni ili ule wa zamani utangulie kuisha, na kadi inafungwa tena kwenye mfuko wa pili kutoka mwisho wa mzigo mpya. Kwa mpango huu stoo yako haitazidi mifuko sita wakati wowote. Mifuko sita kuku wako wanaimaliza kwa siku 12, kwa hiyo hakuna mfuko utakaopata nafasi ya kuoza mikononi mwako.

Hesabu hii ni ya kuku 200. Mwenye kuku 80 au 500 apige yake. Na wenye matetea wanaokua wakumbuke kuwa ulaji wao hupanda kila wiki, kwa hiyo kadi nayo lazima ihame.

Simu inaingia wapi? Simu inaisafirisha kadi. Wengine wanaanza na programu kubwa kwenye simu janja kabla hawajui kuku wao wanakula kilo ngapi, hao wanajisumbua. Funga kadi kwanza, ulishe nayo mwezi mzima, ndipo uingie kwenye simu. Hata kitochi kinatosha. Kadi ikifika mkononi, tuma meseji yenye mambo matatu tu: kitu gani, kiasi gani, lini. Kwa mfano: CHAKULA CHA KUTAGA, MIFUKO 4, JUMATANO. Mwenye duka ajibu NDIYO au HAPANA siku hiyo hiyo. Mzigo ukifika, wewe ujibu UMEFIKA. Mkikaa kimya mmoja wenu, kadi imepotea njiani.

Wenye simu janja wanaweza kufanya zaidi. Wafugaji watatu wa mtaa mmoja pamoja na mwenye duka waweke kundi moja kwenye simu, au programu ya bango yenye nguzo tatu: IMEAGIZWA, INAKUJA, IMEFIKA. Kila agizo ni kadi inayosogezwa kutoka nguzo hii kwenda ile, na wote wanaiona. Faida yake ni hii: kila mmoja akihitaji mifuko minne, mwenye duka anaona mapema kuwa Chamazi kunatakiwa mifuko 12, kilo 600, akakodi kirikuu kimoja kwa safari moja badala ya kila mtu kulipia bodaboda yake. Naye akiona kadi za wiki nzima, anajua aagize nini kiwandani kabla hajaishiwa.

Hapa panahitaji uaminifu, na ndipo pagumu. Uvumi ukipita kwamba mashudu ya alizeti kutoka Singida yamepungua, kila mfugaji anataka kuagiza mara mbili. Mwenye duka naye akiona maagizo yamepanda anaagiza mara tatu kiwandani. Bei inapanda kwa uhaba ambao tumeutengeneza wenyewe, na baada ya wiki chache kila stoo imejaa, hakuna anayenunua, na chakula kinaota kuvu. Kuku wakati wote huo walikuwa wakila gramu zile zile 120! Ndiyo maana sheria ya kadi ni kali: hakuna mfuko uliotumika, hakuna kuagiza. Mwenye duka akiona mtu wa kuku 200 anaagiza mifuko kumi, ana haki ya kuuliza.

Lakini msiibane tahadhari mpaka ikaisha. Hao hao Toyota walipata somo. Tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin huko Kariya kiliungua, na hicho ndicho kilichotengeneza karibu vali zote za breki za aina fulani kwa magari yao. Kwa kuwa akiba ilikuwa ndogo mno, ndani ya siku chache viwanda vingi vya Toyota nchini Japani vilisimama. Makampuni jirani, hata mtengenezaji mmoja wa cherehani, yalichukua michoro na kuanza kuchonga vali hizo, na baada ya wiki moja hivi magari yakatoka tena. Kwa hiyo nawe uwe na namba ya duka la pili. Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, njia za ndani zikiwa matope, hamisha kadi yako mpaka mfuko wa tatu kutoka mwisho. Hiyo ni akiba ya siku sita.

Tuje upande wa mayai. Kuku 200 wakitaga 80 katika kila 100 wanakupa mayai 160 kwa siku, trei tano na mayai kumi. Wanunuzi wetu wakubwa ni wauza chipsi na wenye genge. Kwa miaka mingi trei tupu ndiyo imekuwa kadi: muuza chipsi akirudisha trei tano, unajua anataka tano. Ni mtindo mzuri wa kanibani, ila una balaa ndani yake. Trei ya karatasi iliyozunguka magengeni na mabandani ya watu inaweza kukuletea mdondo mlangoni, na haioshwi. Mifuko iliyotumika nayo ni hivyo hivyo. Hapa meseji inaishinda kadi ya mkono, maana meseji haibebi ugonjwa. Muuza chipsi atume TREI 5, KESHO ASUBUHI, wewe upeleke kwenye trei mpya au za plastiki zilizooshwa kwa dawa, na gari la mzigo lisiingie karibu na banda.

Kweli, kuku hangoji kadi. Atataga kama wanunuzi wapo au hawapo. Lakini ukijua tangu Jumatatu kuwa mwezi wa Ramadhani vibanda vya mchana vimepunguza trei kumi, una siku za kutafuta mnunuzi mwingine kabla mayai hayajaanza kuharibika kwa joto letu.

Iko kadi moja zaidi, na hii wengi huisahau. Kifaranga wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Ongeza wiki ambazo wakala wa vifaranga anakwambia usubiri zamu yako, tuseme nne. Maana yake kundi la kuziba nafasi ya kuku wanaochoka linaagizwa wiki 24 kabla. Chukua kalenda ya ukutani, tafuta wiki unayotaka kuwauza kuku wako wa sasa, hesabu wiki 24 kurudi nyuma, ubandike kadi yako hapo, na uweke kengele ya simu siku hiyo hiyo.