Uzi: "Mama zetu walikuwa wagumu." Tuichambue hii kauli

Kila afya ya akili ya wazazi ikiguswa jukwaani hapa Kericho na Bomet, hakosi mtu wa kujibu: "Hayo ni mambo ya wazungu. Mama zetu walizaa wanane, wakachuma chai, na hawakuwahi kuona mshauri." Watu wanapiga makofi, hoja imekufa. Sitaji mtu wala chama, mnajua utaratibu wetu. Leo tunaangalia kauli tu.

Tuanze na hiyo ya "wazungu". Miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, alichunguza wanawake wajawazito na waliojifungua Uganda, halafu akalinganisha na wenzao wa Scotland. Huzuni nzito baada ya kujifungua aliikuta pande zote mbili, kwa viwango vinavyokaribiana. Na Waganda hawakungoja kuambiwa. Walikuwa tayari na neno amakiro kwa ugonjwa wa akili unaompata aliyejifungua. Mwaka 1987 Cox na wenzake wakatoa maswali 10 ya kumpima mama, yale yanayotumika kliniki nyingi duniani hadi leo. Kwa hivyo alipoyaandika, huyu mzungu alikuwa ameshawasikiliza kina mama wa hapo tu ng'ambo ya Busia.

Sasa, kauli yenyewe ina ukweli ndani, tusiitupe yote. Mama zetu kweli walistahimili. Lakini kwa msaada wa nani? Pwani kuna arobaini: siku 40 mama anakandwa, anapikiwa, hagusi kazi nzito. Kwetu Wakipsigis kogo alikuwa anakuja. Anakoroga uji, anabeba mtoto usiku, anamfukuza mgeni anayekaa sana. (Kogo wangu alikuwa hodari kwa hilo la mwisho.) Ule ugumu tunaousifu ulikuwa na mikono ya watu nyuma yake.

Mashamba makubwa ya chai yaliitoa hiyo mikono. Watu walikuja kazini kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi, wengine Bomet hapa hapa. Ukipewa chumba kimoja kambini, nyanya atalala wapi? Mshahara unafuata kilo. Siku usiyochuma ni siku usiyokula.

Mimi nilizaa kifunguamimba changu kambini. Kogo alikuwa ameshafariki, mama mkwe yuko mbali na ana ng'ombe wa kukama. Mume wangu alitoka alfajiri, akarudi jioni na mgongo umekufa. Wiki ya tano nilikuwa nakaa kitandani namtazama mtoto akilia na sioni sababu ya kumbeba. Sikuwa na hasira, sikuwa na chochote. Kliniki walimpima mtoto uzito, wakamdunga chanjo, wakaniambia amekua vizuri. Mimi hakuna aliyeniuliza neno. Aliyeniokoa ni jirani Mkisii aliyeanza kuingia bila kubisha, anachukua mtoto, ananiambia, "Lala, dada." Lugha ya mama hatukuwa nayo moja, lakini hiyo kazi kwao pia wanaijua.

Na baba je? Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho. Mjadala wote ulikuwa ajira na mali, na ni sawa, lakini mashine moja ikifanya kazi ya watu wengi kuna mwanaume anarudi nyumbani akiwa hajui atawaambia nini watoto. Wengine hunyamaza, wengine hunywa. Na hapa kwetu anayejaribu kujiua alikuwa anaitwa mhalifu: kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilimpa hadi miaka 2 jela. Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Ukiona familia bado inaficha, jua walijifunza kuficha kwa sababu.

Haya, jukwaani mtu akiahidi "tutaleta washauri", muulize hivi. Afya ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi wa 2013, kwa hiyo ni nani ataajiriwa, na kwa bajeti ya mwaka gani? Wale wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba Septemba 2023 wanapima presha na sukari mlangoni kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu, nusu ya kaunti. Je, watafundishwa kumuuliza mama analalaje? Zimbabwe walianza 2006 kufundisha nyanya wa mtaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza. Ilipimwa kwa utafiti, ikaonekana inasaidia. Nyanya tunao, jamani.

Na likizo ya uzazi: sheria ya ajira ya 2007 inasema miezi 3 kwa mama, wiki 2 kwa baba, kwa mshahara kamili. Kibarua anayeitwa msimu wa majani mengi tu anaogopa hata kuomba, asije akaachwa msimu ujao. Huyo ndiye wa kuulizia kwanza, kabla ya washauri.

Kama ulilelewa kambini, niambie hapo chini: mama yako alipojifungua, nani alikuwa anaingia bila kubisha?