Kukwea ukuta wa ndani: Kwa nini vidole huchelewa kuliko misuli

Katika miji mingi ya Uingereza na Ujerumani, kituo cha michezo cha mtaa hakiishii tena kwenye bwawa la kuogelea na chumba cha kunyanyulia vyuma. Pembeni utakuta ukuta wa mbao, mahali pengine ukiwa umeinama kuelekea ndani ya ukumbi, uliojaa vishikio vya plastiki vya kila rangi, na chini yake magodoro mazito yametandazwa. Watu wanakwea bila kamba. Wanaanguka, wanakaa kidogo, wanautazama ukuta, kisha wanajaribu tena.

Mchezo huu huitwa boldaringi, jina linalotokana na mawe makubwa ya porini ambako ulianzia. Umejulikana zaidi tangu michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, ambapo Janja Garnbret wa Slovenia alitwaa dhahabu ya wanawake katika shindano lililochanganya aina tatu za kukwea. Garnbret alirudia ushindi huo Paris mwaka 2024, safari hii katika shindano la boldaringi na kukwea kwa kamba. Baada ya hapo wazazi wanawapeleka watoto, na watu wazima ambao hawajawahi kuparamia hata mwembe wanajiandikisha. Wengi wao wanaendelea vizuri kwa miezi kadhaa, halafu kidole kimoja kinaanza kuuma. Katika makala hii tunaeleza kwa nini jambo hilo hutokea, na namna mazoezi yanavyopaswa kupangwa ili lisitokee.

Mazoezi yaliyogeuka mchezo

Kwanza historia, kwa ufupi. Wapanda milima wa Paris walikuwa wakienda kwenye msitu wa Fontainebleau, kusini mwa mji huo, tangu mwishoni mwa karne ya 19, kujinoa kwenye mawe ya mchanga kabla ya kwenda milima ya Alps. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia walianza kuchora mishale ya rangi kwenye mawe hayo kuonyesha njia za kufuata. Rangi za vishikio unazoziona ukutani leo zinafanana na desturi hiyo: unafuata rangi moja kuanzia chini hadi juu. Nchini Marekani, miaka ya 1950, mwanahisabati John Gill, ambaye pia alikuwa mwanajimnastiki, alileta kwenye mawe poda nyeupe ya magnesia inayokausha jasho la viganja, pamoja na mtindo wa kurukia kishikio kilicho mbali.

Ukuta wa ndani ulikuja baadaye. Mwaka 1964, Don Robinson, mwalimu wa elimu ya viungo katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, alichomeka vipande vya mawe kwenye ukuta wa ujia wa chuo hicho, ili wanafunzi wapate pa kujizoeza wakati wa baridi na mvua. Vishikio vya plastiki vinavyofungwa kwa bolti, ambavyo wapangaji wa njia huvihamisha kila baada ya wiki chache, vilifuata miaka ya baadaye. Kwa sababu hakuna kamba, kuta hizi hufanywa fupi. Kwa kawaida hazizidi mita 4 na nusu.

Kidole hakina msuli wake

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Ukikunja ngumi na kushika mkono wako chini ya kiwiko, utahisi nyama ikisogea. Hiyo ndiyo misuli inayovikunja vidole. Haiko vidoleni kabisa. Iko kwenye kigasha, na inavivuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kwenye kiganja hadi nchani. Ili kano hizo zisiachane na mfupa kidole kinapokunjwa, zimefungwa na pete ngumu za nyuzi, kama uzi wa ndoana unavyopita kwenye vijipete vya fimbo ya kuvulia samaki. Kila kidole, ukiacha gumba, kina pete kuu tano. Ya pili kutoka kiganjani ndiyo inayobeba mzigo mzito, na ndiyo inayoumia mara nyingi zaidi kwa wakweaji, hasa kwenye kidole cha kati na cha pete.

Namna ya kushika ndiyo inayoamua mzigo huo. Kuna kushika kwa vidole vilivyonyooka kidogo, kama unavyobeba mpini wa ndoo. Na kuna kukunja kiungo cha katikati mpaka kifanye pembe, ncha za vidole zikiwa zimebana ukingo mwembamba, na gumba likikandamiza juu yake. Namna hii ya pili humpa mtu nguvu kubwa kwenye kishikio kidogo, na mgeni huipenda kwa sababu anahisi amenasa. Lakini ndiyo inayoivuta ile pete ya pili kwa nguvu kuliko namna nyingine zote.

Sasa ongeza suala la muda. Misuli ina damu nyingi na hukua upesi. Mtu anayeanza huona tofauti ndani ya wiki chache. Kano na pete zake hupata damu kidogo, na kuimarika kwake huhesabiwa kwa miezi mingi, hata miaka. Kwa hiyo mkweaji wa mwezi wa sita anakuwa na kigasha kinachoweza kuvuta kuliko kidole kinavyoweza kustahimili. Maumivu huwapata wengi wakati wanapojiona wako vizuri kabisa, na tunadhani ndiyo sababu onyo la makocha halisikilizwi. Nani apunguze mazoezi katika mwezi ambao anashinda njia zilizomtoa jasho mwaka jana?

Miguu ndiyo inayoviokoa vidole

Anayemjua mkwezi wa minazi wa pwani ataelewa haraka linalofuata. Mkwezi hajivuti kwa mikono. Mikono inamweka karibu na shina, miguu ndiyo inayomsukuma juu. Ukutani ni vilevile. Mgeni hutazama juu tu, akitafuta kishikio kinachofuata, huku miguu ikining'inia au ikigusa ukuta ovyo. Mzoefu hutazama chini. Huweka ncha ya kiatu, upande wa kidole gumba, penye kishikio na kuiacha hapo. Huleta nyonga karibu na ukuta. Hunyoosha mikono anapopumzika ili mifupa ibebe uzito badala ya misuli.

Hili lina uhusiano wa moja kwa moja na majeraha. Moja ya namna zinazojulikana sana za kuchanika kwa pete ya kidole ni hii: mtu amebana ukingo mdogo, mguu unateleza, na uzito wote wa mwili unashukia kidoleni ghafla. Wengine husikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika. Kwa hiyo zoezi la kuweka miguu kimya kimya, bila kiatu kugonga ukuta, ambalo makocha huwapa watoto na ambalo watu wazima huliona la kitoto, linafaa kuwa zoezi la kwanza la kila siku ya mazoezi. Hufanywa kwenye njia rahisi, dakika 15 hadi 20, na wakati huohuo mwili unapata moto.

Baada ya hapo ndipo njia ngumu zijaribiwe, vidole vikiwa bado vipya. Mapumziko kati ya jaribio moja na jingine yawe ya kweli, dakika 3 hadi 5. Ukumbini utaona watu wakiurukia ukuta kila baada ya nusu dakika, wakizidi kushindwa, na wakidhani wanajenga nguvu. Wanachojenga ni uchovu. Kwa anayeanza, siku mbili kwa wiki zinatosha, tatu zikiwa ni nyingi, na kati yake iwepo siku isiyo na kukwea. Siku hiyo inafaa kwa pushapu na mazoezi ya mabega, kwani kukwea ni kuvuta tu, na misuli ya kusukuma huachwa nyuma.

Ubao uliotoka Nuremberg

Katika kona ya kumbi nyingi kuna ubao ulioinama wenye vipande vya mbao vilivyopangwa kama ngazi. Mtu hupanda kwa vidole peke yake, miguu ikiwa hewani, akiruka kutoka kipande hadi kipande. Ubao huu uliwekwa kwa mara ya kwanza mwaka 1988 na Mjerumani Wolfgang Güllich katika ukumbi wa mazoezi mjini Nuremberg ulioitwa Campus, na mpaka leo unaitwa ubao wa kampasi. Güllich aliutumia kujiandaa kwa Action Directe, njia aliyoikwea mwaka 1991 katika vilima vya Frankenjura, yenye matundu ya kuingiza kidole kimoja au viwili. Ilikuwa mojawapo ya njia ngumu kuliko zote duniani wakati huo.

Yaani ni chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mmoja wa wakweaji bora wa zama zake, akiwa na miaka mingi ya kukwea nyuma yake. Leo kinaning'inia mita chache kutoka mahali wanapofanyia sherehe za kuzaliwa za watoto. Kwa vijana ambao bado wanakua, hatari yake ni ya aina nyingine. Mifupa yao ya vidole ina tabaka la gegedu ambapo urefu unaongezeka, na tabaka hilo ni dhaifu kuliko kano. Kidole cha mtu mzima kikizidiwa, mara nyingi pete huchanika. Kwa kijana wa miaka 13 hadi 16, ufa hutokea kwenye gegedu la ukuaji. Madaktari wa michezo, miongoni mwao Volker Schöffl wa Bamberg, Ujerumani, wameeleza visa hivi kwa wakweaji chipukizi na kuvihusisha na mazoezi makali ya vidole. Ushauri wao ni kwamba vijana wa umri huo wasiuguse ubao wa kampasi. Tungependa kila kituo kibandike tangazo hilo hapohapo kwenye ubao, kwa herufi kubwa.

Kuanguka nako hufunzwa

Si majeraha yote ni ya vidole. Kwenye kuta za ndani, ajali nyingi za ghafla hutokana na kutua vibaya, na kifundo cha mguu ndicho huumia sana. Godoro laini linadanganya: mguu ukitua kwenye ukingo wake au juu ya chupa ya maji iliyosahaulika, hupinda. Mgeni anapaswa kufundishwa kutua kwa miguu yote miwili, magoti yakikunjwa, kisha kujiviringisha kwa mgongo huku mikono ikiwa kifuani. Mkono ukitangulizwa nyuma kuzuia, kiwiko au kifundo cha mkono ndicho kinachopokea mzigo. Na inapowezekana, mtu ashuke kwa kukwea badala ya kuruka.

Kidole kikianza kuuma, kukizungushia plasta na kuendelea si tiba. Kwa mtu mzima, maumivu ya upande wa kiganja, karibu na shina la kidole, hasa yakifuatia ule mlio, yachunguzwe kwa mashine ya ultrasound, ambayo huonyesha kama kano imeachana na mfupa. Pete moja ikichanika, kwa kawaida hutibiwa bila upasuaji, kwa pete maalumu ya kuvaa kidoleni na wiki kadhaa za kutokukwea. Upasuaji hubaki kwa walioumia pete kadhaa kwa pamoja. Kwa kijana, dalili ni tofauti: maumivu na uvimbe huwa upande wa mgongo wa kidole, kwenye kiungo cha katikati, na huja taratibu bila tukio lolote la kukumbukwa. Aache kukwea siku hiyohiyo. Eksirei ya kwanza inaweza isionyeshe kitu, na maumivu yakiendelea mzazi ana haki ya kumwomba daktari kipimo cha MRI.