Kutoka Mtaa wa Kadhi hadi Ballarò

Kiitaliano changu nilikiokota jikoni. Nilifanya kazi miaka 12 katika hoteli za Malindi, nikimenya na kukatakata huku nikisikiliza wapishi wakigombana, na anayeijua Malindi hatashangaa. Waitaliano wako kwetu tangu miaka ya 1960, walipoanza kurusha setilaiti kutoka baharini pale Ngomeni, na leo hata mchuuzi wa madafu anajua kukwambia "ciao" na kukuhesabia chenji kwa lugha yao. Kwa hiyo binti yangu, aliyeolewa Palermo, aliponilipia matembezi ya chakula ya kuzunguka mitaa ya kale ya mji huo, nilidhani nakwenda kuona ninachokijua.

"Mama, nenda na njaa," aliniambia usiku wa kuamkia matembezi. "Hata chai ya asubuhi usinywe."

Matembezi ya namna hii ni biashara ya kawaida katika miji ya Italia. Watu wachache, sisi tulikuwa wanane, hukutana asubuhi na mwongozaji aliyezaliwa hapo hapo, wakatembea kwa miguu kama saa tatu, wakisimama penye vibanda na maduka ya mikate. Kila kituo mnaonja kidogo, mara nyingi mkiwa wima. Bei ya chakula imo ndani ya ada uliyolipa, hivyo hutoi pochi kila mara. Kazi yako ni kula na kuuliza, na mimi naona kuuliza ndiko kunakozidi. Asiyeuliza atashiba, lakini atakuwa amekula kama mtu aliyefunikwa macho.

Tulikutana kwenye ngazi za Teatro Massimo, jumba la opera lililofunguliwa mwaka 1897. Ilikuwa Agosti, na jua la saa tatu asubuhi lilikuwa tayari linauma. Mwongozaji wetu alikuwa mama wa makamo, mfupi, amevaa raba, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekulia sokoni. Kabla ya lolote alimuuliza kila mmoja asichokula. Nikamwambia mimi ni Mwislamu: nguruwe sili, mvinyo sinywi, na nyama yangu ni ya halali tu. Akaniita karibu. "Signora, wewe tembea ubavuni kwangu," alisema, "maana hapa nguruwe hujificha ndani ya mafuta." Tangu hapo, kila kituo alinigeukia kwanza na kunieleza kilichokaangwa ni nini na kwa mafuta gani. Atakayekwenda na ana miiko yake, au kuna kitu kinachomdhuru, aseme mapema kama nilivyosema. Hakuna aibu, na mwongozaji mwema hufurahi kuulizwa.

"Amunì!" akasema. Kwa Kisisilia ni twendeni.

Nyuma ya Teatro Massimo unapita lango la Porta Carini na kuingia soko la Capo. Njia ni nyembamba, maturubai yamefungwa kutoka upande huu hadi ule, na chini yake kuna nduaro wamekatwa vipande vinene, mabilingani meusi yanayong'aa, na zeituni kwenye mabeseni. Wauzaji hawasemi, wanaimba. Mwongozaji alitusimamisha kona moja akatueleza kwamba mtaa huu wa kale una jina lingine, Seralcadio, na kwamba chimbuko lake linaelezwa kuwa Kiarabu: shari al-qadi, barabara ya kadhi.

Wenzangu, Wajerumani na Waholanzi, waliuliza kadhi ni nani. Mimi sikuwa na haja. Ofisi ya kadhi wa kwetu naijua mlango wake, ndiko nilikoandikishwa ndoa.

Waislamu kutoka Afrika Kaskazini waliutwaa Palermo mwaka 831 na kuufanya makao makuu ya kisiwa cha Sisilia. Msafiri Ibn Hawqal, aliyefika mwaka 973, alistaajabia wingi wa misikiti yake. Mwaka 1072 Wanormani waliuteka, lakini wafalme wao hawakuufuta mji walioukuta. Waliwabakiza makarani wa Kiarabu na mafundi wa Kiarabu, na hadi leo penye ukumbi wa kusini wa kanisa kuu la Palermo kuna nguzo yenye aya ya Kurani. Barabara inayopanda kutoka hapo hadi ikulu ya zamani watu wa mji huiita Cassaro. Nililitamka mara mbili kabla halijanifungukia. Kasri.

Tukafika kwa mkaanga panelle. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu niliona jambo linalofanyika kwa mikono ninayoielewa. Unga wa dengu hukorogwa kwa maji baridi na chumvi mpaka vidonge vyote viishe, kisha sufuria hupelekwa motoni, na mkono hausimami mpaka kitu kizito kama ugali laini kijivue chenyewe pembeni mwa sufuria. Hapo hutiwa majani ya pasli yaliyokatwa. Kinapakwa chembamba kingali moto, kikipoa kinashika, kinakatwa vipande, kinatumbukizwa kwenye mafuta ya mbegu. Kipande huvimba kidogo katikati na kingo zake hukauka. Mkaanga alipanga vinne ndani ya mkate uliopakwa ufuta, akakamua limau, akanipa. Ladha ni ya bajia isiyo na pilipili, laini ndani, na harufu ya dengu ileile inayotoka kwenye karai zetu jioni ya Ramadhani.

Nilimsifu kwa Kiitaliano, akanijibu kwa Kisisilia kwamba bibi yake alipika kwenye tannura. Nikamwambia sisi husema tanuri. Alinitazama, akamtazama mwongozaji, akacheka kwa furaha, akaniongeza kipande.

Kuanzia hapo matembezi yalibadilika. Mwongozaji alikuwa akitoa neno, mimi nikajibu. Zabibu nyeupe tamu ya huku inaitwa zibibbo. Kwetu ni zabibu. Zafarani yao ni zaffarana. Sukari ni zuccaru. Kiongozi wa wavuvi wa jodari aliitwa rais. Na katikati ya mchezo huo mtoto aliyebeba trei ya mikate alijikwaa, mikate ikamwagika, na bibi mmoja dirishani akapiga kelele: "Mischinu!" Mimi nilikuwa nimeshasema "maskini" kabla sauti yake haijatua. Tukatazamana, yeye juu na mimi chini.

Maneno haya hayakutoka Sisilia kuja Malindi, wala hayakutoka kwetu kwenda kwao. Wao waliyapata kwa watawala na wakulima waliovuka kutoka Afrika Kaskazini, sisi tuliyapata kwa majahazi ya Hadhramaut na Oman. Mdomo mmoja ulio mbali uliyasema pande mbili. Na nilimpenda mwongozaji wetu kwa kuwa hakutia chumvi. Mtu mmoja alipouliza kama basi chakula chote cha Palermo ni cha Waarabu, alinyanyua nyanya kutoka meza ya mchuuzi. Hii, alisema, haikuwepo. Nyanya ilitoka Amerika baada ya 1492, na vilevile ile mipungate yenye matunda mekundu inayojaa vilimani mwetu.

Tulikula sfincione kutoka nyuma ya tuktuk. Nasema tuktuk kwa sababu ndiyo: Piaggio Ape, kitu kilekile kinachonipeleka sokoni nyumbani, ila huku wanakiita lapa na hubebea biashara. Sfincione ni mkate mnene wenye nyanya, kitunguu, samaki wadogo wa chumvi, jibini na chenga za mkate juu. Ni mtamu, ila unakinaisha upesi.

Soko la Vucciria nililitazama tu. Hapo ndipo penye pani ca meusa, mkate wa bandama na pafu la ng'ombe, fahari ya mji. Muuzaji alikuwa na sufuria pana iliyoinamishwa, nyama ya kijivu iliyokatwa nyembamba imepangwa upande wa juu, mafuta yanachemka upande wa chini. Anasukuma kiasi kwenye mafuta, anakitoa kwa uma, anakikandamiza ukingoni kichuje, anakitia mkatini. Ukiutaka na limau tu unaitwa schietta, yaani mwali. Ukiongezewa jibini unaitwa maritata, aliyeolewa. Mafuta hayo ni ya nguruwe. Wapalermo husimulia kwamba chakula hiki kilianzishwa na wachinjaji wa Kiyahudi waliolipwa kwa matumbo badala ya fedha. Kama ndivyo, waliokianzisha wasingeweza kukila kinavyopikwa leo. Wayahudi wa Sisilia walifukuzwa kwa amri ya mwaka 1492, kisiwa kikiwa chini ya wafalme wa Uhispania, na mapishi yakabaki mikononi mwa wengine.

Mtaa walimokaa Wayahudi hao upo, na vibao vyake vimeandikwa kwa lugha tatu: Kiitaliano, Kiebrania na Kiarabu. Kichochoro kimoja kinaitwa Meschita. Nilidhani nimeelewa, mwongozaji akatikisa kichwa. Ni msikiti kwa jina, alisema, lakini hapa palikuwa na sinagogi. Wayahudi wa Palermo walizungumza Kiarabu, na nyumba yao ya ibada iliitwa kwa neno hilo. Nilisoma herufi za kibaoni moja moja, kama nilivyofundishwa chuoni utotoni, na nikahuzunika kwa ajili ya watu nisiowajua.

Ballarò ndilo soko kubwa, na ndilo lililonikaa moyoni. Hapo pweza huchemshwa mzima, hukatwa mbele yako na kukamuliwa limau. Mtu wa pwani haelezwi pweza. Hapo pia ndipo wanapokaa watu wa Ghana, Nigeria, Gambia na Bangladesh, na mihogo na magimbi yamelala kando ya bilingani. Ukutani juu ya soko kuna mchoro mkubwa wa mtawa mweusi. Ni Benedetto, aliyezaliwa kisiwani humo katika miaka ya 1520, wazazi wake wakiwa Waafrika waliotiwa utumwani. Alikuwa mpishi wa nyumba ya watawa ya Santa Maria di Gesù. Walimfanya mkuu wao, na muhula ulipokwisha akarudi jikoni. Alifariki mwaka 1589, Kanisa likamtangaza mtakatifu mwaka 1807, na Palermo inamhesabu miongoni mwa walinzi wake. Nimesimama jikoni miaka 12. Nilimtazama mpishi huyo kwa muda mrefu, na kikundi kilinisubiri.

Kituo cha mwisho tulikaa. Ilikuja tambi na sardini, shamari mwitu, zabibu kavu na zafarani, samaki na utamu katika tonge moja, kama biriani ya kwetu inavyothubutu. Mwongozaji akaeleza kwamba al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake kikubwa cha jiografia hapa Palermo mwaka 1154 kwa ajili ya mfalme Roger wa Pili, aliandika juu ya Trabia, kijiji cha pwani jirani, kwamba watu wake hutengeneza tambi na kuzipakia melini kwa wingi kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Ni miongoni mwa habari za kale zaidi za tambi kutengenezwa Italia kwa biashara.

Nikamwambia kitabu hicho hicho kinaitaja Malindi. Hakuwa akijua. Akaweka uma chini akaniuliza kinasema nini, nikamweleza: kinasema wenyeji wanachimba chuma na kukiuza, na ni wawindaji. Na Mombasa imo pia. Akaandika Malindi kwenye daftari lake, akaniuliza kama ina l moja.

Kisha ikaletwa gelo di mellone, maji ya tikiti yaliyopikwa na wanga, sukari na mdalasini mpaka yakashika, mekundu, ya baridi, na juu yake ua moja bichi la asmini. Wenzangu waliweka maua pembeni ya sahani. Mimi langu nilililaza kwenye leso ya karatasi nikalichomeka ndani ya mtandio, karibu na sikio, kama siku ya harusi, nikapanda basi. Binti yangu alifungua mlango, na kabla hajaniuliza nimekula nini alisogea akanusa.

"Mama, asmini umeitoa wapi?"