Mtungi wa Ajono na Sayansi ya Kukaa Pamoja

Mijini siku hizi watu hulipia mapumziko ambako simu hukusanywa mlangoni, ili wapate kuzungumza. Kwa Wateso wa Busia na Tororo, mpakani mwa Kenya na Uganda, shughuli hiyo hufanyika jioni mtungini. Ajono, yaani pombe ya wimbi, au malwa kama wengi wanavyoiita upande wa Uganda, huwekwa katikati, maji moto yakaongezwa kila inapopungua, na wazee wakauzunguka mtungi kwa mirija mirefu. Ukiwa na mrija mkononi huendi mbali. Hapo hutatuliwa ugomvi wa mipaka ya mashamba na hujulikana nani anauguza. Ivan Karp, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyewatafiti Wateso wa upande wa Kenya, aliandika insha nzima juu ya unywaji huo, iliyotoka mwaka 1980.

Maabara nazo zina lao. Mwaka 2017 watafiti wa Turku, Finland, walipiga picha za ubongo wa wanaume waliokuwa wametoka kucheka na rafiki zao, wakakuta ubongo umemwaga endofini, kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Huko Vancouver, Kanada, utafiti wa mwaka 2018 uliwaketisha marafiki mkahawani: waliokuwa na simu mezani walifurahia mlo kidogo kuliko wale walioziweka kando. Wala si suala la raha tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani ni mpweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo 871,000 hivi kwa mwaka.

Lakini endofini hizo zililetwa na kicheko, wala hakukuhitajika tone la pombe. Shirika hilohilo lilishasema mwaka 2023 kuwa hakuna kiasi cha pombe kilicho salama kwa afya. Chama cha akina mama au darasa la wakulima shambani lina duara lilelile, na uji wa wimbi unatosha kabisa, ingawa wazee watanicheka.

Hatari nyingine ni chumba cha kunywea. Kifua kikuu husafiri hewani, na kibanda kisicho na dirisha, kilichojaa watu wanaocheka na kukohoa hadi usiku, hukipa nafasi nzuri. Mtungi na ukae nje, chini ya mwembe. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi aende kituo cha afya cha serikali akapimwe makohozi kabla ya kurudi kuketi na wenzake.