Katani, Kioo na Mvua ya Nairobi

Kando ya Barabara ya Naivasha, pale Satellite kabla hujafika Kawangware, mafundi wa jipsamu hufanyia kazi yao nje, mbele ya vibanda. Tazama mmoja wao anavyotengeneza kornisi, ule ukanda wa nakshi unaokaa mahali ukuta unapokutana na dari. Anapaka kalibu mafuta, anamimina uji wa jipsamu, kisha anachambua fungu la katani kwa vidole na kulitandaza juu ya uji ule, nyuzi zikielekea huku na huku. Anazishindilia kwa kiganja, anamwaga tabaka la pili, anasawazisha. Yote hayo hayana budi kuisha kabla jipsamu haijakaza, kwa hiyo hutamsikia akipiga soga. Vibanda vichache mbele, fundi mwingine anaziba bampa la gari lililogongwa. Huyu hatumii katani, anatumia mkeka wa faiba, yaani nyuzi za kioo, na resini ya polista. Jioni atajikuna mikono mpaka usingizi umchukue.

Kazi yao ni moja. Jipsamu ikikauka ni ngumu lakini haina ustahimilivu: ufa ukianza hausimami mpaka kipande kipasuke viwili. Resini nayo vivyo hivyo. Ukitia nyuzi ndani, ufa unakutana nazo njiani. Ili uendelee, lazima uzikate au uzing'oe mahali zilipojishikiza, na kila uzi unaong'olewa unakula sehemu ya nguvu inayousukuma ufa. Wanasayansi wamekuwa wakiuliza itakuwaje mafundi hawa wawili wakichanganya mali zao, katani na kioo ndani ya bamba moja.

Tuanze na nguvu. Nyuzi za katani zenye unene wa jumla wa milimita 1 ya mraba hubeba kati ya kilo 40 na 70 kabla ya kukatika. Maana yake, kijifungu chembamba namna hiyo kinaweza kuning'iniza mfuko mzima wa saruji, sawa na chuma cha kawaida chenye unene huohuo. Nyuzi za kioo zikiwa mpya, kwa unene uleule, hubeba kilo 200 na kuzidi. Katani ni nyepesi, uzito wake ukiwa zaidi kidogo tu ya nusu ya uzito wa kioo, lakini hata ukipiga hesabu kwa uzito, kioo bado kiko mbele. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaoinadi katani kana kwamba imekwisha kukishinda kioo. Haijakishinda. Sifa zake ni nyingine: ni nafuu, haiwashi ngozi, haili misumeno wala msasa, na inapovunjika huvutana na kuchanika polepole badala ya kupasuka ghafla.

Huko Kerala, India, mtafiti Sabu Thomas na wenzake walichanganya katani fupi na nyuzi za kioo ndani ya plastiki katika miaka ya 1990, na wakaona kioo kinaipandisha nguvu sana. Mwaka 2003 watafiti wengine walichapisha matokeo ya katani na kioo ndani ya polista, ile resini ya fundi wa bampa. Kwao ilitosha kioo kisichofika asilimia 6 ya uzito wote ili bamba liimarike waziwazi, na juu ya hapo likapunguza kunywa maji.

Hilo la maji ndilo lenye uzito kuliko hizo kilo, na nitalirudia. Kwanza, kioo kidogo hivyo kinatoshaje? Pinda bamba lolote kwa mikono yako. Upande wa nje unavutwa, upande wa ndani unabanwa, na katikati hakuna kazi kubwa. Kwa hiyo mtengenezaji mwerevu hatawanyi kioo ovyo. Anakiweka juu na chini, kwenye ngozi ya bamba, na katani anaijaza tumboni ambako unene unahitajika kuliko nguvu. Nyuzi zilezile, kiasi kilekile, zikibadilishiwa nafasi hutoa bamba jingine kabisa.

Sasa maji. Uzi wa katani si uzi mmoja. Ni mkusanyiko wa vijiseli virefu vyenye uwazi ndani, vilivyogandishwa pamoja kwa gundi ya lignini na hemiselulosi. Mmea uliviumba vipitishe na kuhifadhi unyevu, na havisahau kazi hiyo hata vikifungiwa ndani ya resini. Mvua ya Machi ikinyesha, uzi unavimba. Jua la Januari likiwaka, unanywea. Kuvimba na kunywea huko kunaubandua uzi kutoka kwenye resini kidogo kidogo, na uzi uliobanduka hausimamishi ufa tena. Ngozi ya kioo inazuia maji yasifike tumboni, ila kingo zilizokatwa na matundu ya skrubu hubaki milango wazi. Ndiyo maana bamba linaweza kufaulu vizuri kwenye mashine ya maabara leo, halafu likachoka baada ya misimu michache ya nje. Mwuzaji atakupa takwimu za nguvu. Muulize alilipima kabla ya kulilowesha au baada.

Afrika Mashariki ililipia somo hili. Miaka ya 1970 ikielekea mwisho na katika miaka ya 1980, wahandisi waliona katani ingeweza kuchukua nafasi ya asbesto kwenye vigae na mabamba ya saruji ya kuezekea nyumba za watu wa kipato cha chini. Shirika la Uingereza la ITDG lilieneza mbinu hiyo. Dar es Salaam, mhandisi Burton Mwamila alipima boriti za zege zilizotiwa kamba za katani. Mabamba mapya yalikuwa mazuri. Baada ya miaka michache mengi yalipasuka, na ndani yake katani ikakutwa imekuwa dhaifu, inapukutika.

Mwaka 1983 mtafiti wa Uswidi, Hans-Erik Gram, alieleza sababu. Maji yaliyomo kwenye vitundu vya saruji ni magadi makali, kipimo chake cha pH kikikaribia 13. Yanaiyeyusha ile gundi ya lignini na hemiselulosi, na uzi wa mita nzima unasambaratika kuwa vijiseli vya milimita chache. Chokaa nayo inaingia ndani ya vijiseli na kuvigandisha. Waliobaki kwenye kazi hiyo waliishia kutengeneza vigae vidogo vinene visivyo na nyuzi kabisa.

Tusiicheke katani peke yake, kwani kioo cha kawaida nacho huliwa na saruji. Waingereza walilazimika kutafuta kioo cha aina nyingine, chenye zirkonia, mwishoni mwa miaka ya 1960. Isiyojali magadi hayo ni polipropilini, plastiki ya magunia na kamba za manjano. Ajabu yenyewe ni kwamba kamba hizo ndizo zilizoiangusha bei ya katani na kuyatia hasara mashamba ya Tanga, ambako Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge, mmea wa katani, mwaka 1893, na yale ya Kilifi na Taita. Leo watafiti wanamtia adui huyo kwenye zege moja na katani, wasaidiane.

Na kornisi ya Satellite? Jipsamu haina magadi ya saruji, na dari haipigwi na mvua, kwa hiyo katani inakaa humo miaka mingi bila kuoza. Mafundi wameshika njia iliyo sahihi bila kupita maabara yoyote. Adui wao ni bati linalovuja.

Kwa fundi wa bampa anayetaka kujaribu mchanganyiko, yanayojulikana yanatosha kuanzia. Katani iloweshwe kwenye maji yenye magadi ya soda hafifu, ioshwe vizuri, ikaushwe kabisa juani. Magadi hayo kidogo, kwa muda mfupi, huondoa nta na kuukwaruza uso wa uzi ili resini ishike. Yakizidi yatafanya yaleyale yaliyofanywa na saruji. Tabaka la kwanza na la mwisho liwe kioo, na kila tundu litakalotobolewa lipakwe resini kabla ya skrubu kuingia. Bampa, mlango wa kabati, kizigeu cha kibanda, hizo ni kazi zinazofaa. Paa na tangi la maji visubiri mtu aliyeacha sampuli zake nje, juani na mvuani, kwa miaka.