Samaki wa mapambo: Pima hewa ukaa, usihesabu mapovu

TANGI la kioo lenye mimea mibichi humvuta mteja kuliko tangi tupu, na mfugaji wa samaki wa mapambo anayeotesha mimea ya majini ana bidhaa mbili za kuuza badala ya moja. Lakini mimea hiyo ili ikue haraka inataka hewa ukaa, na hapo ndipo hasara huanzia. Ikiwa kidogo, mimea hudumaa na mwani huvamia. Ikizidi, samaki hukutwa asubuhi wakielea.

Wengi hutumia chupa ya soda yenye sukari, hamira na maji ya uvuguvugu, kisha mpira mwembamba hupeleka gesi ndani ya tangi. Ni njia rahisi, ila haina koki. Gesi hutoka kwa nguvu siku za mwanzo na hufifia baada ya wiki mbili hivi. Usiku huendelea kutoka, wakati gizani mimea haiitumii, bali nayo huitoa. Ndiyo maana kuhesabu mapovu hakutoshi: mapovu hueleza kilichoingia, hayaelezi kilichobaki majini.

Kiwango kinachotafutwa na wenye matangi ni kati ya miligramu 15 na 30 kwa lita. Kifaa nafuu cha kupimia ni kijichupa cha kioo kinachobandikwa ndani ya tangi, mdomo ukiangalia chini. Humo huwekwa maji maalumu na matone machache ya dawa ya rangi iitwayo bromothimoli bluu, ambayo ndiyo iliyomo katika vipimo vingi vya pH vya matangi. Maji hayo hayagusani na ya tangi; kati yake kuna hewa, na gesi huvuka hapo. Rangi ya bluu maana yake gesi ni kidogo, kijani ni karibu miligramu 30, njano imezidi.

Sasa angalia mtego. Wapo wanaojaza kijichupa kwa maji ya tangi lenyewe. Rangi huonyesha pH tu, na pH hutegemea gesi pamoja na wingi wa bikaboneti, unaopimwa kwa nyuzi za KH. Kijani ni pH ya 6.6 hivi. Kwa maji ya KH 4, hiyo ni miligramu 30. Kwa maji ya kisima yenye KH 12, kijani hicho hicho ni miligramu 90, na samaki wako hatarini huku mwenyewe ukifurahia rangi! Kwa maji laini ya KH 1, ni miligramu 7 na nusu tu, na mimea ina njaa.

Maji ya KH 4 hutengenezwa nyumbani. Pima gramu 1.2 za bikaboneti ya soda ya kuokea kwa mzani mdogo kama wa sonara (kijiko hakifai), uyeyushe katika lita moja ya maji yaliyokenekwa. Chukua mililita 100 za mchanganyiko huo, ongeza mililita 900 za maji yale yale. Maji hayo huuzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongeza kwenye betri, ila soma lebo vizuri, kwani tindikali ya betri nayo huuzwa humo humo.

Kijichupa huchelewa kubadili rangi, saa moja au mbili, wakati mwingine zaidi. Hivyo ukibadilisha chupa ya hamira, usiamue kwa rangi ya papo hapo. Isome alfajiri kabla ya kuwasha taa, maana ndipo gesi huwa nyingi kwa anayetumia hamira, kisha tena mchana. Samaki wakihema juu ya maji usingoje rangi: chomoa mpira, washa pampu ya hewa na ubadilishe sehemu ya maji.